Nilimleta mpiga piano wa classic kwa ajili ya baba mkwe, nikamfukuza kwa mikono yangu mwenyewe

Wakuu, habari zenu.

Nawaandikia kutoka Kolwezi, huku kwenye shaba na vumbi. Ninayosimulia ni kweli tupu, na kama kuna ndugu wa mke wangu humu, atanitambua mapema sana. Sawa tu. Wao wananijua tayari.

Baba mkwe wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashimo ya Musonoi, kwenye mashine za kutoboa mawe. Mashine zile zilimla masikio. La kulia lilikufa zamani. La kushoto lilikuwa bado na uhai kidogo, na daktari alishatuambia wazi kwamba nalo linakwenda.

Alipokuwa kijana, kabla ya kuingia mgodini, alikuwa anakata majani nje ya cercle, yaani klabu ya wakubwa wa kampuni. Ndani kulikuwa na piano. Mama mmoja alikuwa anaipiga mchana, na mzee anasema alikuwa anarudia kukata palepale ili asitoke karibu na dirisha. Hiyo piano hakuwahi kuiona. Wimbo anaukumbuka wote, ila jina lake halijui.

Basi tulipoanza kupanga jubilee ya ndoa yake, nikasimama mbele ya familia nzima nikasema pianiste nitamleta mimi. Mnajua mkwe akipenda sifa anavyokuwa.

Nikampata Tata Crispin wa Lubumbashi (tata kwetu ni baba, tunaitana hivyo kwa heshima). Amesomea classic, kazi yake ni hiyo tu, anapiga kwenye mahoteli na récital, yale maonyesho ya kukaa na kusikiliza, za watu wakubwa.

Nikamrekodi mzee akiuvumisha ule wimbo wake mdomo umefungwa, nikamtumia Tata Crispin kwa WhatsApp. Hakuchelewa kujibu: ameutambua, na atapiga vipande vitatu, wa mzee uwe wa mwisho. Sharti lake lilikuwa moja. Nusu saa ya kimya kabla ya chakula.

Nikajibu hakuna shida. Wakuu, kimya! Kwenye fête, sherehe ya Kolwezi! Sijui nilikuwa nawaza nini.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Tata Crispin alikuja na piano yake mwenyewe, ya umeme, nzito kweli. Tulimkalisha mzee karibu kabisa, spika ndogo upande wa sikio la kushoto. Kipande cha kwanza kilipoanza, mzee alifumba macho. Mke wangu akanishika mkono chini ya meza. Nilijiona mwanaume.

Kipande cha pili kilikuwa cha polepole na kirefu. Watu wakaanza kujigeuza kwenye viti. Simu zikatoka. Mama Odile, shangazi wa mke wangu, akaniinamia:

"Mukwe, huyu mupigaji wako iko namna gani? Haita jina ya mutu hata moya! Batu banalala."

Nisimame kidogo hapa kwa wale wa mbali. Kwetu mwanamuziki wa sherehe huita majina ya watu, na watu huenda wakicheza kumbandika noti kwenye paji la uso. Anayefungua, yaani anayebandika noti ya kwanza, ni yule aliyemleta mwanamuziki. Akishafungua, wote wanamfuata, maana kubaki kwenye kiti ni kumdharau.

Nilimwambia Mama Odile asubiri, bado kimoja. Akacheka kwa sauti, akawageukia wenzake:

"Mukwe anaogopa kufungua! Mifuko yake iko na miiba!"

Meza nzima ikacheka. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Mkwe kuonekana bahili mbele ya ukweni, afadhali ukae bila nguo.

Nikasimama.

Wakuu, nilitembea nikitikisa mabega hadi kwenye piano, nikambandika Tata Crispin noti kwenye paji, katikati ya kipande. Hakuinua macho, aliendelea. Lakini mimi nilikuwa nimefungua.

Ukumbi wote ukainuka. Vigelegele, viti vinaanguka, wamama wamepanga mstari. Noti zikamshukia hadi machoni. MC akaanza kuita majina, DJ naye akadhani ndiyo saa yake, akaachia ndombolo.

Tata Crispin aliondoa mikono. Akajipangusa uso, akaziweka noti pembeni vizuri bila hasira.

"Ça va, tata. Batu banataka kucheza. Bacheze," akaniambia, akachomoa waya.

Ningeweza kumzima DJ. Ningeweza kuchukua micro na kusema jamani kaeni, wimbo wa mzee bado. Niliona haya kuwakalisha wakubwa wa ukweni. Nikabeba spika, nikamsaidia kupakia gari.

Niliporudi, mzee alikuwa bado kwenye kiti chake, anaangalia mahali piano ilipokuwa. Akanivuta kwenye sikio lake.

"Mukwe, na yangu?"

"Alisha kuenda, tata."

Akatikisa kichwa taratibu. "Bon. Haina mambo," akasema, akanipigapiga goti. Afadhali angenitukana.

Nilichojifunza ni kwamba nilimwalika mwanamuziki kwa ajili ya mtu mmoja, halafu nikawaogopa wote isipokuwa yeye. Kama unaleta msanii wa namna hii, waeleze watu mapema, na usimame mlangoni uwe mkali, hata wakikuita mbaya.

Nilimpigia Tata Crispin kuomba radhi. Alikubali kurudi kupiga kile kimoja tu, nyumbani, bila wageni. Nikaenda mbio kumwambia mzee. Nikakaa upande wa kushoto, nikasema kwa sauti kubwa kama siku zote.

Akanishika kidevu, akanigeuza uso, akaanza kunitazama midomo.

Sikurudia nilichosema. Pianiste bado anangoja jibu langu. Wenye wazazi waliopoteza masikio, niambieni: nimlete, au ndiyo nitakuwa nimemwaibisha mzee mara ya pili? Matusi pia napokea.