Kitabu Chini ya Mkate

Mwatima hakuwa mtu wa kuonea kijicho nyumba ya mtu wala dhahabu yake. Kwao Pemba aliishia darasa la saba, London akapata kazi ya kulea wazee, na rizki ilipomtosha alimshukuru Mola. Fahari yake ilikuwa moja tu. Kila machipuko, jua likianza kuikumbuka Walthamstow, wanawake wa darasa lao la dini walikwenda kutembea msitu wa Epping, na yeye ndiye aliyewasomea. Kitabu kilikuwa kile kile, cha visa vya wanawake wema, jalada limeshikiliwa na gundi. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, nao wakimsikiliza.

Mwaka huu Bi Afra, mkubwa wa darasa, akampigia simu.

"Mwatima, safari hii tumwachie Nusra asome. Ana sauti yule, mashallah! Wee tuletee mkate wako wa kumimina, na kitabu usikisahau."

"Hewala, Bi Afra." Simu ilipokatika, akaiambia sufuria, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda."

Nusra alikuwa mgeni, kahama Stratford wakati wa baridi, hata darasani hajazoeleka. Na huko msituni, chini ya miti iliyotoa majani mabichi mabichi, alikuwa mbele huyo, anaruka vijito kama mwari, wenzake nyuma hawana mbavu kwa kucheka. Mwatima akaja wa mwisho na kapu lake.

Busati lilipotandikwa, Nusra akatoa achari. Si ya embe. Ilikuwa ya yale mabua mekundu machachu yanayojaa sokoni majira haya, Waingereza wakiyapika kwa sukari.

"Yarabi, shoga, umefikiriaje?" mmoja akamuuliza.

"Embe za hapa hazina ukali. Nilipoyaonja haya nikasema, ndugu zake embe mbichi ndio hawa."

Bi Afra akalamba kidole. "Mwatima, onja! Mkate wako umepata mume."

Mwatima akaonja. Ilikuwa tamu kweli, na hilo ndilo lililomchoma.

"Haya, kitabu," akasema Bi Afra.

"Lo! Nimekisahau nyumbani."

Kitabu kilikuwa kapuni, chini ya mkate wa pili, kimefunikwa kitambaa. Asubuhi alikitia humo bila kujua atafanya nini. Sasa alijua.

"Umekisahau! Basi adhabu yako tuhadithie kwa kichwa. Miaka yote hii hujakihifadhi?"

Mwatima akaanza kisa cha mjane aliyebakiwa na konzi ya mbegu mwaka wa ukame. Wanawake wakanyamaza. Nafasi yake ilikuwa imemrudia, tamu kama zamani. Hapo Nusra akavuta kapu ili akate mkate wa pili. Akafunua kitambaa. Mkono ukasimama, na kisa kikasimama.

Nusra akakitazama kitabu, akamtazama Mwatima. Kisha akatoa mkate, akakifunika kitambaa vizuri, pembe zote.

"Endelea, da Mwatima. Zile mbegu akazifanyaje?"

Angelifichuliwa, angelijitetea; lakini kusitiriwa na huyu huyu kulimshinda.

"Nipe hicho kitabu, Nusra."

"Si umekisahau?" Bi Afra akashangaa.

"Nilikificha."

Sauti moja ikatoka nyuma: "Kijicho, Mwatima? Na mvi hizo?"

"Kijicho, mwenzangu. Wala msimsingizie shetani, ni mie." Akakipokea kitabu, akamrudishia Nusra. "Soma."

Nusra akasoma. Sauti ikapita laini, na Mwatima, Mungu amsamehe, alitega sikio apate japo kosa moja. Hakulipata. Roho ilikuwa ikimuuma bado. Walipofika palipochanika ukurasa, Nusra akasita, akamgeukia.

"Hapa hapana maneno, da Mwatima."

"Akampa jirani nusu," Mwatima akasema, "kabla hajajua kama mvua itanyesha." Akalivuta bakuli la achari, akajipakulia tena.