Kisanduku cha Sita

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Karani aliketi ukingoni mwa kitanda cha nyumba ya wageni, akautoa mhuri ndani ya soksi safi, akasogeza tarehe mbele kwa ncha ya kalamu, kisha akaujaribu kwenye kipande cha gazeti. Asubuhi ya siku ya sita aliupiga katikati ya paji la uso la mgombea mmoja wa udiwani. Ukatoka vizuri: NIMEFIKA, na tarehe chini yake. Alitaka kutikisa kichwa kwa kuridhika, lakini shingo ikakataa.

Shingo ile ilikuwa siri. Usiku wa siku ya nne aliulalia mto ambao, kwa maoni yake, ulijazwa kokoto, na tangu hapo shingo imekaza kama ubao. Akitaka kuona kitu kilichokuwa upande, ilimbidi ageuke mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Hakumwambia mtu. Kazi yake katika msafara ilikuwa kuendesha nyuma ya wote, asimwache mtu njiani na asimruhusu mtu adanganye. Mlinzi asiyeweza kugeuka hana tofauti na sanamu, na sanamu halikabidhiwi mhuri.

Walikuwa waendesha baiskeli kumi na wawili, watu wazima wenye vitambi na sababu mbalimbali, wakipita miji midogo tisa kwa siku tisa. Mbele yao ilitangulia pikapu ya mizigo. Kila mmoja alikuwa na kadi ya visanduku tisa, na kila jioni, aliyefika kwa miguu yake mwenyewe alipigiwa mhuri. Kanuni aliiandika Karani kwa mkono wake na wote wakaweka sahihi: atakayesukumwa, kuvutwa au kubebwa, iwe hatua moja tu, hana mhuri wa siku hiyo. Kisanduku chake kitapigwa mstari mwekundu kwa rula.

Watu walicheka walipokuwa wakitia sahihi. Walidhani ni mzaha. Hawakumjua mtu aliyekaa masjala miaka thelathini na mmoja.

Miaka yote hiyo aligonga mihuri kwenye mambo ya wengine. Vibali, likizo, vyeo, hata barua za kufukuzwa kazi, zote zilipita mikononi mwake. Siku alipostaafu walimpa saa ya ukutani iliyochongwa jina la mtu mwingine, kwa kuwa fundi alichanganya oda mbili na hakuna aliyejisumbua kuirudisha. Saa hiyo ilikuwa sebuleni kwake, ikimpongeza mtu asiyemfahamu kwa utumishi uliotukuka katika idara ya maji. Kabla ya safari alimwambia mkewe: "Nikirudi, hiyo saa inashuka. Kadi yangu inapanda. Mihuri tisa, hakuna pengo."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, alijibu: "Siku ya tatu nitakuja kukuchukua hospitali gani?"

Basi kadi ile haikuwa karatasi tu. Mpaka siku ya sita, kadi zisizo na mstari mwekundu zilibaki mbili: ya Karani, na ya mfuga kuku mmoja, mwanamke ambaye tangu waondoke hajasema zaidi ya "shikamoo" na "maji".

Wengine wote walikwisha kuchorwa. Wa kwanza kabisa alikuwa Mpishi, mdogo wa mkewe, mwanamke aliyekuwa akikoroga masufuria ya watoto mia nne shuleni na aliyekuwa na mikono ya kumwezesha kuinua baiskeli kama kikapu. Siku ya pili, kwenye mwinuko, alishika nyuma ya lori la magodoro. Karani alimwona. Jioni Mpishi alikiri mwenyewe, akaomba jambo moja: arudi ule mlima asubuhi, aupande upya, kisha awafikie wenzake.

"Faili likifungwa limefungwa," alisema Karani, akachukua rula.

Wa pili alikuwa Daktari wa meno, mwenye baiskeli ya bei mbaya na nguo za kubana zilizowafanya wazee wa kila mji wageuze macho kwa heshima. Siku ya tatu alipumzika ndani ya pikapu iliyoegeshwa, akasinzia, dereva akaondoka naye. Alijitetea sana. "Mzee Karani, mimi sikujua! Nililala!"

"Mhuri hauulizi ulijua au hukujua," alijibiwa. "Unauliza ulifikaje."

Ni majibu mazuri. Ubaya wa majibu mazuri ni kwamba watu huyakumbuka.

Asubuhi hiyo ya sita, uani, Mpishi alimkuta akifunga redio yake ndogo kwenye usukani.

"Shemeji, mbona unatembea kama umemeza ufagio?"

"Natembea wima. Ni malezi."

"Haya. Geuka unisalimie basi."

"Nimeshakusalimia," alisema Karani, akiwa bado anautazama ukuta.

Mpishi alimkazia macho, akaupapasa mfuko wake wa shati kama mtu anayehakikisha kitu kipo, kisha akaenda zake akicheka peke yake.

Saa sita walisimama kwenye mji mdogo chini ya mlima. Ulikuwa mtaa mmoja tu, wenye maduka matatu yanayouza vitu vilevile na kinyozi aliyekuwa akimnyoa mteja huku wote wawili wanawaangalia wageni, jambo lililomletea mteja hasara kubwa. Walikula mayai ya kuchemsha na ndizi, wakajaza maji. Wakati wa kuondoka, Karani alihesabu vichwa mbele yake, kama kanuni ilivyotaka. Kumi na moja. Sawa. Akapanda, akafungulia redio, akaufuata msafara.

Hakujua kwamba kichwa kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha dereva wa pikapu, aliyevaa helmeti ya Daktari kwa utani. Na hakugeuka. Angegeuka angemwona Mpishi akitokea nyuma ya duka, kachelewa, ana fungu la vitunguu mkononi.

Mlima ule ulikuwa na roho mbaya. Haukuinuka mara moja ukaisha, bali ulipanda, ukajifanya umekwisha, ukapinda kona na kupanda tena. Upepo ulitoka mbele. Wenzake waliyoyoma mmoja mmoja mpaka akabaki na barabara, jua na mayai manne yaliyokuwa yakijadiliana tumboni. Mapaja yakawaka. Gurudumu la mbele likaanza kuandika herufi barabarani. Alifika mahali ambapo mguu mmoja ulikuwa tayari unaitafuta ardhi.

Na hapo, ghafla, akapata nguvu.

Hajui zilitoka wapi. Pedali zikawa nyepesi, baiskeli ikanyooka, pumzi ikarudi. Redioni mtu fulani alikuwa akieleza faida za kuitawala nafsi, na Karani akaona maneno hayo yanamhusu yeye binafsi. Akaanza kuongea kwa sauti, peke yake, akiupigia kelele upepo.

"Unaona? Ni nidhamu! Mwili ni mtumishi tu! Mtu akijikaza anaweza! Lakini vijana wa leo, kidogo tu, lori! Kidogo tu, pikapu!"

Aliendelea hivyo karibu kilomita mbili. Kioo kidogo alichokifunga kwenye usukani kingeweza kumsaidia, lakini jana alikigeuza ili ajitazame ndevu, na hakukirudisha. Kwa hiyo alichokiona kiooni ni mtu mashuhuri akipanda mlima.

Kileleni wenzake walikuwa wamekaa kwenye mawe. Walimpigia makofi, na kwa namna walivyocheka, Karani alidhani wamefurahi. Alipita bila kusimama, maana mteremko ulikuwa mtamu, akaingia mjini na kwenda moja kwa moja nyumba ya wageni. Akaomba meza, akaitoa nje uani, akapanga rula, kalamu nyekundu, pedi ya wino na mhuri. Saa kumi kasoro walikuwa wamefika wote, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Leo tuanze na yangu," alisema, na hilo halikuwa kawaida yake. Akaiweka kadi. Akaufungua wino.

"Subiri kwanza, mzee," alisema Daktari. "Nilipiga picha pale juu. Nzuri sana. Ione kabla hujachafua mikono."

Akamwekea simu mbele ya macho, pale ambapo shingo haikuhitajika.

Picha ilikuwa nzuri kweli. Karani alionekana waziwazi, kinywa wazi, kidole kimoja hewani, akiihutubia dunia. Nyuma yake alikuwepo Mpishi, fungu la vitunguu likining'inia kwenye usukani, mkono mmoja akiendeshea na mkono wa pili ameukandamiza kwenye keria ya Karani. Alikuwa amekunja uso kama anavyokunja anapokoroga sufuria kubwa.

Wote uani walimtazama Karani. Hata kuku wa nyumba ya wageni walionekana kusubiri.

"Shemeji," alisema Karani taratibu. "Ulikuwa wapi?"

"Nyuma yako. Uliniacha mjini. Ulihesabu watu?"

"Kumi na mmoja."

"Labda hesabu hiyo ilikuwa ya jana." Dereva wa pikapu alijikohoza na kuanza kukagua tairi lake. "Nikakukuta huko kona ya tatu unayumba kama mlevi. Nikasema huyu akianguka nitamwambia nini dada yangu? Nikaweka mkono."

"Kilomita mbili?"

"Nusu ya kwanza ilikuwa huruma," alisema Mpishi. "Halafu ukaanza kuhubiri. Nusu ya pili ilikuwa burudani."

Watu wakaangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini. Karani hakucheka. Aliitazama kadi. Visanduku vitano vilivyojaa, cha sita cheupe, wino ukiwa bado unang'aa kwenye mhuri. Aliiona sebule yake, na ile saa ya mtu wa idara ya maji.

Daktari alisogea, sauti imelainika kama anavyowaambia wagonjwa kwamba haitauma. "Mzee, piga tu. Hukujua. Asiyejua hana kosa."

"Kweli kabisa," alidakia mwingine. "Piga. Na sisi tuliokosea bila kujua, tutaangaliwa upya. Haki ni haki."

"Hata mimi siku yangu ya lori sikujua," alisema wa tatu, ambaye siku zote alikuwa akijua.

Hapo Karani akaelewa. Hakuna aliyekuwa akimhurumia. Mhuri mmoja wa uongo kwenye kadi yake, na mistari yote myekundu ingefutika kabla ya chakula cha jioni. Na jambo lililomchoma zaidi ni kwamba alitaka kuupiga. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya karatasi. Mtu mkali kwa wengine huwa hajajua ukali ni nini mpaka umfikie mwenyewe.

"Bado kuna jua," alisema hatimaye, akiongea na meza. "Mlima uko kilomita nne tu. Naweza kurudi nikaupanda upya."

Mpishi alisogea mezani.

"Unaweza," alisema. Hakuwa anacheka tena. "Na mimi niliweza, siku ya pili."

Siku ya pili ilikuwa mbali, zaidi ya kilomita mia tatu nyuma yao, na kwa mara ya kwanza Karani alijiuliza kwa nini alikataa. Kanuni haikukataza mtu kurudi. Maneno ya faili kufungwa yalitoka masjala, si kwenye karatasi waliyotia sahihi. Aliyasema kwa sababu yalikuwa yanapendeza mdomoni.

"Siku ile nilikukosea," alisema. "Kukuchora mstari ilikuwa haki. Kukunyima njia ya kurudi, hapana. Siwezi kujipa leo nilichokunyima."

Akaifunga pedi ya wino. Akachukua rula, akapiga mstari mwekundu kwenye kisanduku cha sita kutoka pembe hadi pembe, akatia sahihi. Daktari aliguna kama mtu aliyeona jino zuri likitupwa.

"Na mimi je?" aliuliza Mpishi. "Kusukuma hakukukatazwa."

"Hakukukatazwa." Akampigia.

"Nataka miwili. Nimepanda na mizigo miwili."

"Mmoja."

"Mzigo wenyewe ulikuwa unaongea!"

"Mmoja, shemeji."

Alipomaliza kadi zote, ya mwisho ikiwa ya mfuga kuku, ambaye sasa peke yake ndiye alikuwa msafi na ambaye alisema "asante", neno lake la tatu, Karani aliuchukua mhuri akauweka mbele ya Mpishi, pamoja na ile soksi.

"Kuanzia kesho wewe utaendesha nyuma. Mimi nimemwacha mtu njiani kwa sababu siwezi kugeuka. Shingo imekaza tangu siku ya nne."

"Tunajua," walisema watu kama wanane kwa pamoja.

Mpishi alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kichupa cha dawa ya kuchua. "Dada alinipa siku ya kwanza. Alisema utakaza shingo, maana wewe mito haikupendi. Lakini alisema nisikupe mpaka uombe mwenyewe."

"Naomba," alisema Karani.

"Hivyo tu? Kwa mdomo?" Alirudisha kichupa mfukoni, akavuta kiti, akakaa mahali pa Karani nyuma ya meza. "Ofisi hii haifanyi kazi kwa mdomo, ndugu. Leta barua."

Wenzake walikuwa wameanza kuondoka kwenda kuoga. Karani alisimama kidogo, kisha akachomoa karatasi na kalamu. Aliandika akiwa amesimama, kwa mwandiko wake mzuri wa masjala: yeye, mwombaji, mwenye maumivu ya shingo, anaomba dawa, na anaomba radhi kwa jambo la siku ya pili. Akaweka tarehe na sahihi.

Mpishi alisoma barua yote, polepole, midomo ikitembea. Akafungua wino, akachovya mhuri mpaka ukalowa, akaubamiza chini ya sahihi kwa nguvu za mtu aliyezoea masufuria, kisha akaweka kichupa juu ya barua.

NIMEFIKA ilitoka kichwa chini, na tarehe ikavuja.

Karani aliona. Akafungua kinywa. Akakifunga, akachukua kichupa.