Shingo ya Bucumi

Vichaka vibichi vikichomwa hutoa harufu chungu, nzito, inayong'ang'ania nguo hata ukizifua mara mbili. Juzi jirani yangu hapa Rumonge alisafisha shamba lake la michikichi, moshi ukaingia chumbani mwangu, nikaweka kalamu chini. Nilikuwa nimeketi na rafiki yangu aliyesoma Kigoma, shule za Waingereza. Anafasiri kitabu, na siku hiyo alikuwa amekwama kwenye neno moja tu, loyalty. Aliniambia Waingereza hulitumia kwa askari asiyemkimbia mfalme wake, kwa mke, hata kwa mbwa. "Niandike utii au uaminifu?" akauliza. Moshi ule ulikuwa umekwisha kunirudisha utotoni, zama za Mdachi, nilipomwona mtu akisifiwa hadharani kwa uaminifu, naye akaikataa sifa hiyo. Mtu huyo alikuwa baba yangu.

Nilikuwa na umri wa kung'oka meno. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeshika mwambao wa ziwa, kutoka Kabezi hadi Kigwena, na Wadachi wakaamuru vichaka vya ukingoni vifyekwe na kuchomwa ili mbung'o wakose kivuli. Baba aliwekwa kuwa nyapara wa wafyekaji. Kazi yake ya pili ndiyo iliyoogopwa: kila Jumatatu aliwapanga watu mstari, akawapapasa shingo, na aliyekutwa na matezi yaliyovimba, dalili ya malale, alipelekwa kambini kwa Bwana Mganga, daktari wa Kidachi, kuchomwa sindano. Tuliwaona wengi wakienda. Waliorudi walikuwa wachache, na baadhi yao walirudi vipofu kwa ukali wa dawa ile.

Bucumi alikuwa munywanyi wa baba, yaani ndugu yake wa kuchanjiana. Kabla sijazaliwa, baba alipanda milimani kuuza chumvi, akaugua huko, na Bucumi, ambaye hakumjua, akamlaza nyumbani kwake miezi miwili. Walipoagana walichanjana tumboni, kila mmoja akalamba tone la damu ya mwenzake, huku shahidi akigonganisha visu viwili juu ya vichwa vyao na kuwatajia masharti. Usimnyime. Usimdanganye. Akikuita, nenda. Mwalimu wa msikiti aliposikia alimkemea baba kwamba Mwislamu hali damu. Baba, nilivyosimuliwa, alijibu kwa adabu: "Damu nimeitubia, mwalimu. Neno sikulitubia."

Sisi nyumbani tulilijua zaidi sharti la kwanza, kwa sababu Bucumi aliingia kwetu akachukua alichotaka bila kuomba. Mama angerudi ziwani na mtungi kichwani, akute jogoo hayupo.

"Baba Zena," angesema, "yule ndugu yako wa kitovu amepita. Leo jogoo. Kesho nitajifunga mwenyewe kamba mguuni, anikute tayari."

Baba alikuwa akicheka hadi anakohoa. Nami wiki hiyohiyo ningepanda kwa Bucumi, nirudi na maharage na kibuyu cha maziwa, wala hakuna aliyeniuliza ninapeleka wapi. Nilimpenda sana. Alinibeba mabegani na kuniita mwamikazi, mke wa mfalme, ati kwa jinsi nilivyojua kuamuru.

Alasiri moja alikuja, hakuchukua kitu. Alisimama uani, mama akiwa anachemsha ngazi, matunda ya mchikichi ya kukamulia mawese.

"Amahoro, Mama Zena. Munywanyi wangu iko?"

"Iko ndani. Jogoo ndiyo haiko, usihangaike."

Hakucheka. Baba alipotoka, Bucumi aliketi juu ya kinu kilicholazwa, akainamisha kichwa.

"Shika shingo yangu."

Baba hakusogea. "Jumatatu bado."

"Sikuja kwa nyapara. Nimekuja kwako. Shika."

Baba akaishika. Nilimkazia macho usoni, maana nilijua uso ule ulivyokuwa ukidanganya. Aliutumia kwa mama kila mara Bucumi alipochukua kitu. Nikaomba kimoyomoyo autumie sasa. Sema hayapo, baba. Msitu wa Kigwena ulikuwa na maficho, watu walikuwa wakikimbilia humo, na mimi mwenyewe ningempelekea chakula.

"Yapo," baba akasema.

"Makubwa?"

"Kama punje za mahindi."

"Ungesema hayapo, ningekwenda zangu kuvuna maharage."

"Ungekwenda. Ungesinzia hukohuko shambani, usiamke."

Bucumi alifuta jasho la uso kwa kiganja. "Basi nyapara atanipeleka lini?"

"Nyapara hakupeleki," baba akasema, akamgeukia mama. "Nikunjie mkeka wangu."

Habari ya mkeka mimi sikuisikia. Nilisikia lile "yapo" tu. Nilimrukia baba nikampiga ngumi za mgongo, nikamwita mbwa wa Mdachi, tusi nililolipata kwa wavuvi. Mama aliniziba mdomo. Baba hakunigusa.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kambini sote, mama na sufuria, mimi nyuma nikiwa nimenuna. Bwana Mganga aliipapasa shingo ya Bucumi, akauliza wawili hawa ni nani kwa nani, akaambiwa. Akasimama, akapaza sauti ili wote wasikie, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula:

"Tazameni! Mtu huyu amemleta ndugu yake mwenyewe. Huyu ni mwaminifu. Nitamwandikia cheti."

Watu waliangalia chini. Nilitamani ziwa linimeze.

"Bwana," baba akasema, "sikumleta. Nimekuja naye."

Akavua filimbi ya unyapara shingoni, akaiweka mezani taratibu, akaingia bandani na kutandika mkeka wake kando ya mkeka wa Bucumi. Askari wa mlangoni alimfuata.

"Wewe, mzee, una wazimu? Wenzako wanatoroka humu, wewe unaingia?"

"Mtu akichomwa sindano ile, nani anamshika mkono?"

Askari alikuna kichwa, kisha akamwonyesha mahali pa kuchota maji.

Baba alikaa humo miezi saba, akipika, akifua, akiwageuza ubavu hata wagonjwa asiowajua. Unyapara alipewa mwingine, na cheti hakikuandikwa. Bucumi alitoka hai, jicho moja likiwa limezimika. Waliojificha Kigwena walisinzia mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewashika mkono.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile baba alikuwa na njia mbili tu, kumficha ndugu yake au kumtoa. Mtoto huupenda uongo unaombakizia ampendaye karibu. Nilikuwa nimekwisha kuolewa nilipotambua kwamba kusema kweli kulikuwa nusu ya kiapo, na nusu ya pili ilikuwa imekunjwa ndani ya mkeka. Nikaenda kumwomba radhi kwa zile ngumi na lile tusi.

Baba alinitazama kwa mshangao.

"Radhi ya nini, mwanangu? Ulinipiga kwa ajili ya ndugu yangu. Siku ile nilikwenda kambini moyo umetulia, nikijua nikifa, Bucumi ana mtu."