Motere ya Farasi Kumi na Tano

Mashua ilikuwa nyeupe zamani. Ilitengenezwa Ulaya kwa ile plastiki ngumu iliyofumwa na nyuzi za kioo, ambayo watu wa Likasi waliiita poliesta. Mhandisi mmoja Mbelgiji alikuwa akivulia nayo samaki ziwani Tshangalele siku za Jumapili, na alipofunga mizigo yake kuondoka alimwachia François, fundi wa vyuma kiwandani, mtu wa maneno machache. Kwenye uporaji wa mwaka wa tisini na moja watu walibeba motere yake, ile injini ya kuangikwa nyuma, na viti vyake. Mwili wa mashua waliuacha, kwa kuwa haukufaa kitu nyumbani kwa mtu. Ukalala nyuma ya nyumba ya François, kuku wakitagia ndani.

Kisha mishahara ikakatika. Haikukatika mara moja. Ilichelewa, ikapungua, ikawa habari ya kuulizana njiani. Wanaume waliendelea kwenda kiwandani asubuhi kwa sababu hawakujua pengine pa kwenda. Hélène, mke wa François, alikuwa akiuza samaki sokoni, na ndiye aliyeona njia. Wanawake wa ng'ambo ya ziwa walivuka kwa mitumbwi ya kasia, na samaki wao walifika Kapolowe, upande huu wa ziwa, wameanza kuharibika. Mwenye mashua ya motere angewavusha, nao wangemlipa kwa samaki.

"Baba Fidélie," alimwambia mumewe, kwa jina la binti yao mkubwa, "kuku iko na nyumba muzuri kupita siye."

François akaosha mashua, akaziba nyufa, akaomba lori la mtu aliyekuwa akienda Kapolowe kununua mahindi. Mashua ikafika ziwani. Ilibaki motere.

Bertin, mdogo wake, alikuwa ameacha kazi ya kiwanda na kuingia biashara ya madini. Yeye ndiye aliyeleta habari ya motere ya nguvu za farasi arobaini, iliyokuwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Kapolowe, ambaye alikubali kuibadilisha kwa friji ya Hélène. Bertin alikwisha kuiona. Ilikuwa inang'aa, na iliwaka kwa ufunguo kama gari.

François alikwenda kuitazama, akaizunguka. Akarudi kwenye mashua na kugongagonga kwa kifundo cha kidole kibao cha nyuma, pale motere inapoangikwa. Ndani ya poliesta, mahali pale, mna mbao, na maji yalikuwa yameingia ndani miaka mingi. Katikati kibao kiliitika vizuri. Kwenye pembe ya kushoto kilitoa sauti ya kitu kilicholowa. Tena kulikuwa na ziwa lenyewe. Tshangalele si ziwa la kuumbwa na Mungu. Maji yalizuiliwa kwa ukuta yakafunika msitu, na visiki bado vimesimama chini, na majani yanajiviringisha kwenye kila kinachozunguka. Na esanse, yaani petroli, ilikuwa ikiuzwa kandokando ya barabara ndani ya chupa za bia, siku ikipatikana.

"Yaya," Bertin alimwambia kaka yake, "motere kubwa njo inaletaka heshima. Na ile ya kidogo bantu batatucheka."

François hakubishana. Alisema tu kwamba waiangike kwanza, friji ingoje.

Wakaiangika, wanaume wanne wakisaidiana. Nyuma ya mashua ikazama mpaka maji yakalamba ukingo, na pua yake ikainuka kama mbwa anayeomba. Bertin akaenda kukaa mbele ili kusawazisha, lakini haikusaidia. François akawasha, akaongeza moto kidogo tu, mashua ingali imefungwa kwenye kamba. Kikasikika kishindo kifupi, kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Kwenye ile pembe ya kushoto ufa ulikuwa umefunguka. Akazima, wakaishusha motere, wakairudisha kwa mwenyewe. Njiani Bertin alisema kibao kinaweza kutiwa chuma. François akamjibu kwamba chuma nacho kina uzito wake.

Jioni alimweleza Hélène kwamba mashua ile ilihitaji motere ndogo, ya farasi kumi na tano, yenye mguu mfupi usiofikia visiki, nyepesi ya kubebwa na watu wawili. Motere ya namna hiyo waliijua wote wawili. Hakuna aliyetaja ni ya nani. Hélène aliendelea kusonga ugali.

Ilikuwa ya Tshimanga.

Tshimanga na François walikuwa wamefanya kazi meza moja kiwandani kwa miaka mingi. Siku za Jumapili walitengeneza pamoja motere za Wazungu kule ziwani, na hiyo ndogo Tshimanga aliipata kama malipo, ikiwa imekufa, akaifufua mwenyewe. Alizaliwa palepale Likasi, kwenye kambi ya Panda. Lakini wazazi wake walitoka Kasai, na mwaka wa tisini na mbili maneno yalianza kusemwa hadharani kwamba Wakasai warudi kwao. Baada ya maneno yakaja mawe, na baada ya mawe moto. Tshimanga na jamaa yake walikimbilia gare, kituo cha treni, pamoja na maelfu wengine, kungoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo yeye hakuwahi kuiona. Walikuwa huko kwa miezi mingi sasa. Waliowapelekea chakula walitukanwa na majirani kuwa wasaliti. François hakuwahi kumtukana mtu. Lakini hakuwahi kwenda gare pia.

"Kama unaenda gare sababu ya motere," Hélène alisema mwishowe, "usiende."

François alikaa na neno hilo siku kadhaa. Kisha akachukua unga wa mahindi na samaki wakavu, akaenda mchana, akapita mbele ya milango ya watu wote.

Gare ilikuwa imegeuka kuwa mji wa maturubai na mashuka. Watu walipika katikati ya reli. Alimkuta Mbombo, mke wa Tshimanga, akipepeta mchele mbele ya kibanda chao. Mbombo aliweka ungo chini, akaitikia salamu.

"Baba Fidélie, ulikawia," alisema. "Sephora tulimuzika wakati ya mvua. Ni surua."

Sephora alikuwa mtoto wao wa mwisho. François alikuwa amembeba mikononi siku ya ubatizo wake. Kwao, mtu haachi kufika kwenye kilio cha mwenzake, hata wakiwa wamegombana, na hawa hawakuwa wamegombana. Akakaa chini, juu ya mawe ya reli. Tshimanga alipokuja akamkuta amekaa hivyo, naye akakaa kando yake. Siku ile hawakusema habari ya motere.

Akawa anarudi. Alileta unga, sabuni, mara moja turubai. Jirani mmoja aliacha kumwitikia salamu, na Hélène alipoteza wateja wawili sokoni. Siku moja Tshimanga mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Nasikia mulitia bwato motere ya quarante."

"Tulijaribu tu ile ya arobaini. Kibao kilipasuka."

"Ile kibao njo ilikuwa vile tangu zamani. Kamata yangu. Iko Kapolowe kwa Joachim."

Joachim alikuwa katekista. Alikuwa ameificha motere ile chini ya magunia ya makaa tangu siku za moto.

François alikataa. Alikuwa ameona mambo ya pale gare: watu wa mjini walikuja kila asubuhi kununua vitanda na cherehani kwa bei ya bure kutoka kwa wenye njaa, wakaondoka wakicheka. Hakutaka kuwa mmoja wao. Alisema angeitumia na kuitunza tu, na Tshimanga akirudi ataikuta.

Tshimanga alitikisa kichwa.

"Usiniwekee kitu, yaya. Mutu mwenye bamemuwekea kitu, anabakiaka kufikiri atarudia. Minye sitaki kukaa kule na kufikiri Likasi kila siku. Nunua, ao acha."

François akamuuliza alitaka nini. Pesa za wakati ule hazikumaliza wiki bila kuyeyuka. Tshimanga alitazama mikono yake. Vyombo vyake vyote vya kazi vilichukuliwa pamoja na milango ya nyumba.

Kesho yake François alikuja na sanduku lake: spana, patasi, msasa, koleo, vernier, kipimo cha vyuma, aliyopewa alipotimiza miaka ishirini ya kazi. Aliliweka mbele ya Tshimanga. Tshimanga alilifungua, akachukua kitu kimoja kimoja, akakirudisha mahali pake. Alikijua kila kimoja. Akafunga kifuniko, akakalia sanduku, kwa kuwa pale gare kitu kisichokaliwa huibwa. Wakashikana mikono.

Wiki iliyofuata François alipokwenda, chini ya turubai lile walikuwa wamekaa watu wengine. Treni ilikuwa imepita alfajiri bila kutangazwa.

Motere ilitoka kwa Joachim imejaa vumbi la makaa. François hakuwa tena na spana. Ilibidi aazime kwa fundi wa baiskeli. Akakata mbao iliyooza, akatia mpya, akaangika. Mashua ikakaa sawa majini. Walipovuka mara ya kwanza, Bertin alikuwa mbele, Hélène katikati. Mashua ilikwenda taratibu, lakini ilikwenda. Visiki vilipita chini yao bila kuguswa. Wanawake waliokuwa wakingoja ng'ambo walianza kunyanyua vikapu vyao walipoisikia kwa mbali.

Kabla ya kufika, François alizima motere.

"Imekufa?" Hélène aliuliza.

"Hapana."

Wakakaa, mashua ikisukumwa kidogo na upepo kuelekea majani. Bertin aligeuka kutaka kusema neno, akamwona kaka yake, akageukia mbele tena. Hélène alitia mkono ndani ya maji akauacha humo. Baada ya muda François akapangusa uso, akashika kamba ya motere iliyolainishwa na mkono wa Tshimanga, akaivuta, motere ikawaka.