Banjo na Alama Iliyotazama Chini

Siku ile niliamka na hasira zangu, na yule mwanamuziki akanikuta nazo hivyo hivyo. Alipiga hodi kwenye karakana nikiwa na patasi mkononi, mzee mrefu mwenye kifuko cha turubai, eti anamtafuta fundi aliyetengeneza banjo iliyomo.

"Mzee wangu, hapa ni vitanda," nikamwambia. "Banjo atailalia nani?"

Hakucheka. Akasema karakana yangu ni ya tisa, na zote alizopitia ni za vitanda. Banjo ilikuwa ya mwenzake wa bendi, sasa marehemu. Mwenzake huyo aliwahi kulazwa muda mrefu kwa ajili ya mguu, na mtu aliyechonga magongo ya wagonjwa pale hospitalini ndiye aliyemtengenezea, kwa kipimo cha vidole vyake vifupi. Fundi huyo jina lake hakulisema. Wagonjwa walimwita Fundi Magongo, basi. Mzee alipokwenda kumuulizia, akaambiwa kaondoka, haijulikani alikokwenda.

Nikaipokea hiyo banjo, nusu nataka nusu sitaki. Nikaigeuza. Nyuma ya shingo ya banjo palikuwa na matundu mawili yaliyozibwa kwa vijiti, yamepigwa msasa mpaka yakawa laini. Lakini matundu yangu nayajua. Niliyatoboa mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye ubao mwekundu, na ubao ule aliondoka nao mdogo wangu.

Tulimwita Taratibu. Si kwamba alikuwa mvivu, la. Alikuwa mtu wa kuupapasa ubao kabla hajaukata, anaunusa, anaugonga kwa kidole, anatega sikio. Wateja walimtania kwamba ukimwagiza kitanda cha harusi, utakilalia na wajukuu zako. Baba alipofariki nilirithi benchi na misumeno, na Taratibu naye nikamrithi. Nikamweka ng'ambo ya benchi, tunatazamana, mimi nafanya kazi na yeye anaangalia. Miaka sita alipiga randa na msasa tu. Alikuwa na mkono mzuri kunizidi, ila mimi wa kumwambia hivyo? Thubutu!

Kwetu kila kiungo cha kitanda hutiwa alama: mstari uliokatwa kwa patasi, na mkia mdogo kwenye ncha yake. Mkia unapotazama, huko ndiko juu. Baba alinifundisha hivyo nikiwa nimesimama ubavuni pake.

Siku ya kwanza nilipomwachia Taratibu atie alama peke yake, kilikuwa kitanda cha bwana mmoja mwenye makuu. Yeye akatia alama, mimi nikazifuata nikatoboa. Kuja kuunganisha, ubao wa kichwani umekaa juu chini, na mteja mwenyewe kasimama pale anatazama! Mungu wangu, niliwaka. Jina gani baya sikumwita? Nikamtupia ule ubao. "Chukua uchafu wako utoke, na usikanyage tena hapa!" Akauokota, akaenda nao. Kwa mama nikasema amekimbia kwa aibu, na toka hapo mlango ukigongwa mama huinuka kitandani kwenye chumba cha nyuma, anasikiliza.

"Niifungue?" nikamuuliza mzee. Akakubali.

Nikalegeza ngozi iliyowambwa juu yake, nikachomoa shingo. Ilikuwa imeingizwa kwenye duara la mbao kama tunavyoingiza ubavu wa kitanda kwenye mguu, na kukazwa kwa kabari. Fundi wa banjo gani anafanya hivyo? Na hapo penye kiungo palikuwa na alama yetu, mstari na mkia wake. Mkia ulitazama chini. Nikaangalia kwenye duara, chini vile vile.

"Bado anakosea," nikasema. "Miaka yote hii, bado."

"Mbona imeshika?" mzee akauliza. "Haijalegea hata siku moja."

Ilikuwa imeshika kweli. Safari hii aliyetia alama ndiye aliyetoboa.

Nikailaza shingo upande wangu wa benchi, nikachora alama kwa penseli kwenye benchi, mkia ukitazama juu, mzee aone ilivyotakiwa kuwa. Kisha nikazunguka kuchukua kitambaa ng'ambo, upande wa Taratibu, ambako siku hizi narundika vipande vya mbao. Nikainua macho. Kutoka pale, alama yangu ilitazama chini. Ilikuwa sawasawa na alivyoikata yeye.

Nilikaa juu ya vile vipande. Miaka sita alisimama hapa akachukua nilichomwonyesha, hakupunguza wala hakuongeza. Na mimi katika miaka hiyo sita sikuwahi kuzunguka benchi hata mara moja nikaona anachokiona.

"Binti yangu, unamfahamu?" mzee akauliza polepole. "Marehemu alisema huyo fundi alifundishwa na dada yake, kwenye karakana ya vitanda. Ndiyo sababu nazunguka huku. Alimuuliza mbona harudi kwao. Akasema aliharibu kazi, na dada yake hakosei."

Jamani! Nilijifunika uso kwa kile kitambaa chenye vumbi, nikalia mbele ya mgeni.

Pazia la chumba cha nyuma likasogezwa. Mama alikuwa amesimama, mkono ukutani.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Lakini alipo hapajulikani. Alikuwa hospitalini anachonga magongo, akaondoka."

Akaja mpaka kwenye benchi, akaichukua shingo ya banjo, akapitisha kidole kwenye alama, taratibu, akarudia.

"Uliniambia alikimbia kwa aibu," akasema. "Aliharibu nini?"

Mzee akatazama viatu vyake. Ningeweza kudanganya tena, ulimi ulishazoea.

"Hakuharibu kitu," nikasema. "Nilimfukuza mimi. Alifanya vile vile nilivyomfundisha."

Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akaniwekea ile shingo ya banjo mapajani.

"Miaka kumi na mmoja mwanangu anaamini kosa ni lake," akasema. "Vaa viatu. Tunaanzia hospitalini."