Mchezo Usio na Fumbo

Mwanakuu alikuwa mshonaji wa nguo za harusi, na chumba chake cha juu, mtaani Ndia Kuu, kilijaa mashela ya wanawake wengine. Yeye mwenyewe aliachwa zamani, hana mtoto. Cherehani ikinyamaza alitunga nyimbo, na sikio la kwanza lilikuwa la rafiki yake Mahira, aliyekuja kila siku baada ya alasiri kunywa kahawa na kucheka.

Siku moja, mwaka wa tisini na tatu, Mahira hakucheka. Alilalia mto wa Mwanakuu akalia hadi ukarowa: mumewe ameoa mke wa pili, mtaa wa Tudor, kwa siri.

"Usimwambie mtu," alisema.

Mwanakuu hakumwambia mtu. Alitunga.

Mchezo wake wa kwanza wa jukwaani, mazungumzo machache na nyimbo kumi, ulihusu nyumba moja na kuku wake. Wimbo mmoja ulisema: *Jogoo alishwa hapa, kuwika awika Tudor.* Alidhani fumbo ni pazia. Lakini wanawake wa Mji wa Kale hawausikii wimbo kabla ya kujua wampiga nani. Siku ya kwanza, mmoja aliinuka na kikuba cha asumini kumtuza mwimbaji. Alipokwisha kumvika, akageuza uso kwa Mahira, kuonyesha ndiye apigwaye. Wa pili akafuata, na wa tatu. Ukumbi ukalipuka vigelegele.

Mchezo ulijaza watu Jumamosi tisa. Mahira hakupanda tena ngazi zile.

Miaka miwili Mwanakuu alikunywa kahawa peke yake, na mara nyingi aliiacha ikapoa. Kisha akatunga mchezo wa pili. Huu hakuutia fumbo hata moja, asije mtu akageuziwa uso; na ndani yake aliweka wimbo wa kumwomba Mahira radhi. Akampelekea mwaliko.

Chengo, mpiga kinanda, aliyeshinda kutwa kazini kwenye ghala la Shimanzi na kuja mazoezini na vumbi la saruji kwenye nyusi, alimwonya mapema.

"Bi Mwanakuu, nyimbo ni tamu. Lakini nani achomwa?"

"Hachomwi mtu."

"Basi nani atainuka? Watoke kwao na joto hili, waje kusikia mtu akiomba radhi? Si bora wakae majumbani waombwe na waume zao?"

"Wewe Chengo, mkeo ushamwomba radhi lini?"

"Sijamwomba," Chengo akacheka. "Ndiyo nakwambia, wimbo huu hauna wenyewe."

Siku ilipofika, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Wanawake waligeuza shingo huku na huku wakimtafuta anayepigwa. Walipomkosa, wakaanza kuzungumza harusi ya kesho. Mahira alikuwapo, karibu na dirisha. Mwimbaji akaanza: *Nilikukosea, dada, urudi tunywe kahawa.*

Mahira akainuka.

Nyuma ya pazia, Mwanakuu alilishika kwa mikono miwili. Mahira alikuja hadi mbele ya jukwaa, mkono wake hauna kitu, akapita, akatoka mlangoni. Watatu wakamfuata, wakidhani mchezo umekwisha.

Jumamosi iliyofuata walikuja watu kumi na mmoja. Chengo alikifunga kinanda chake kwa kanga kuukuu. "Pole, bibi," alisema, na safari hii hakucheka.

Kesho yake Mwanakuu alikwenda mwenyewe hadi kwa Mahira, akasimama chini ya ngazi.

"Hodi!"

"N'nani?" sauti ilitoka juu.

"Ni mimi, Mwanakuu. Nimekuja kwa Mahira."

"Mahira hayuko."

Ilikuwa sauti ya Mahira mwenyewe. Mwanakuu aliegemeza kiganja ukutani.

"Akirudi," alisema, "mwambie siri yake niliitoa mimi. Najua. Haikufaa niimbe, ilifaa nije."

Juu, hatua zilisogea hadi dirishani.

"Nitamwambia," sauti ikajibu, na dirisha likafungwa taratibu.