Video ya Nasari Iliyotoka Sauti Bila Picha

Wacha niseme tu vile ilikuwa: ukumbi mzima wa kanisa ulinisikia nikimsema vibaya mwalimu wa mtoto wangu, na mwalimu mwenyewe ameketi safu ya mbele, na yote yalianza na kubonyeza "ndiyo" kwa kitu sikuelewa.

Simu yangu mpya (mpya kwangu, niliinunua Ngara ikiwa imetumika) iliniuliza kama nataka video zihifadhiwe kwa mfumo mpya unaokula nafasi kidogo. Nani hukataa nafasi? Nikabonyeza. Siku ya michezo kwa shule ya nasari ya mtoto wangu Tasha, huku Dagoretti, ikaonekana simu yangu ndiyo inatoa picha safi kuliko zote, nikapewa kazi ya kurekodi.

Sasa mjue Ticha Rehema. Nasari inafungwa saa kumi, na mimi nafanya kazi ya nyumba Spring Valley, natoka saa kumi na moja. Huyo mama alikuwa anabaki na Tasha mpaka nifike, bila kuniitisha chochote. Na bado nilirekodi huku nikimnong'onezea Mama Brayo, jirani yangu, upuzi.

Mkutano wa wazazi ukafika, video ikawekwa kwa kompyuta nzee ya kanisa, projekta iimulike ukutani. Ukuta mweusi. Picha hakuna, sauti iko. Picha ingetoka, nani angesikiza mtu akinong'ona? Kila mtu angekuwa anatafuta mtoto wake. Lakini sasa watu walinyamaza watege sikio, na siku ya michezo simu ilikuwa karibu na mdomo wangu.

"Cheki Ticha anavyoruka, kama kuku amefungwa mguu. Na huo uji wake, unaweza kunawa uso nao."

Watu wakaangua kicheko. "Mama Tasha, ongeza sauti!" baba mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. Nikakimbia nikang'oa waya, kumbe ni wa projekta, spika zikaendelea:

"Ati anabaki na watoto jioni. Si ni kwa vile hana bwana wa kupikia."

Hapo hakuna aliyecheka. Ticha Rehema akageuka polepole. "Ni kweli, Mama Tasha, sina. Kuanzia kesho, mtoto uchukue saa kumi."

Nilienda Ngara kwa fundi nikiwa nafuka moshi.

"Sauti iko kwa mfumo wa kitambo, kila mashine inaujua," akaniambia. "Picha iko kwa ule mpya. Wenye kutengeneza simu walishakubaliana kuutumia, kompyuta za zamani hata hazijui umekuja."

"Na mbona hawakuniambia?"

"Si walikuuliza, madam? Ukasema ndiyo."

Nusura nimpige na hiyo simu. Akanigeuzia video kwa mfumo wa zamani, nikampelekea Ticha, akaitazama yote, akawacheka watoto, akacheka hata vile yeye mwenyewe anaruka, nikajua nimesamehewa.

"Umewarekodi watoto vizuri sana, asante," akasema akinirudishia simu. "Lakini saa kumi ni saa kumi."

Siku hizi sili chakula cha mchana ndio nitoke kazini mapema, na simu ikiniuliza kama nataka kitu kipya, nasema hapana kabla haijamaliza swali. Hao watu wa mifumo bado nina hasira nao. Lakini tusidanganyane, walichoficha ni picha tu. Maneno niliyasema mimi.